Mimea Inayoelea Kwenye Bwawa la Uani Dodoma: Fremu Kwanza, Mmea Baadaye

Mchicha ukiusahau wiki mbili unakomaa, unakuwa mgumu, basi. Azola, mmea mdogo unaoelea majini, ukiisahau wiki mbili kwenye maji yenye rutuba na joto la Novemba, ile uliyoimwaga kutoka beseni moja utaikuta imetanda bwawa zima kama zulia, na alfajiri samaki wako juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Kuotesha mimea hii ni rahisi. Kazi yote iko kwenye kuizuia isipite pale ulipotaka, na kazi hiyo hufanywa na vitu viwili: fremu ya bomba inayoelea na ratiba ya kuvuna. Ukikosa kimojawapo, ni afadhali bwawa libaki wazi.

Vipimo vyote hapa chini ni vya bwawa la kawaida la uani, la turubai au la saruji: mita 3 kwa 4, kina mita 1. Uso wake ni mita za mraba 12, maji yake lita 12,000, na lina perege 36, yaani watatu kwa kila mita ya mraba. Kama lako ni kubwa au dogo zaidi, zidisha au gawanya.

Usizibe pua ya bwawa

Mchana, ule mwani mdogo unaoyapa maji rangi ya kijani hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Usiku mwanga hakuna, na kila kilichomo, samaki, mwani, vijidudu vya kwenye tope, hata mizizi ya mimea yako, kinatumia akiba ileile ya mchana. Kwa hiyo saa mbaya kuliko zote ni kuanzia saa kumi usiku hadi jua linapochomoza. Zulia la mimea linaumiza mara mbili: linazuia mwanga, hivyo akiba ya mchana inakuwa ndogo, na linazuia upepo kuchanganya hewa na maji.

Katika bwawa la samaki, funika moja ya tano ya uso wa maji na usivuke theluthi. Bwawa la urembo lisilo na samaki linavumilia hadi nusu.

Kabla ya kuamua, pima maji kwa mkono. Simama jua likiwa juu, zamisha mkono taratibu kiganja kikiwa kimekunjuliwa, uangalie. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kiwiko, bwawa limekaa vizuri, na fremu moja inatosha. Kikipotea maji yakiwa hata hayajavuka kifundo cha mkono, rutuba imezidi: punguza chakula cha samaki na ongeza fremu ya pili. Ukikiona mpaka maji yanakaribia bega, mimea imeshawanyang'anya mwani chakula, na perege, ambao sehemu kubwa ya mlo wao ni huo mwani, watakonda. Hapo ondoa mimea kwanza.

Mmea upi kwa kazi ipi

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanachagua kwa sura.

Azola ni ule mmea mdogo wa vijani vilivyopangana kama magamba. Ndani ya majani yake huishi vijidudu vinavyochukua naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo hukua hata kwenye maji yasiyo na mbolea nyingi, ili mradi fosforasi ipo. Faida hiyo ina upande wa pili: mmea unaojilisha naitrojeni ya hewa hauna haraka ya kunyonya amonia ya kinyesi cha samaki. Azola ni chakula cha mifugo. Ukiitegemea isafishe maji, utasubiri sana.

Msafishaji ni lemna, zile punje za kijani zisizofika ukubwa wa punje ya mchele, kila moja na kamzizi kake. Hunyonya amonia kwa pupa, na ikipata joto na rutuba huongezeka maradufu kwa siku mbili au tatu. Perege wanaipenda kuliko azola. Tatizo lake ni udogo: hupita popote penye uwazi, kwa hiyo fremu ya lemna lazima ishonwe kwa makini kuliko ya azola.

Pistia, inayofanana na kabichi ndogo iliyofunguka, pia husafisha vizuri, na mizizi yake mirefu ni kivuli na maficho ya vifaranga vya samaki. Lakini majani yake yana chembe zinazowasha mdomo, hayafai kuku wala ng'ombe, na mizizi hiyohiyo ni maskani ya aina ya mbu wasiohitaji kuja juu kupumua: viluwiluwi vyao hudunga mizizi na kuvuta hewa humo. Kwenye fremu moja anza na miche kumi, na kila wiki kata vikonyo vya watoto.

Gugumaji, lenye maua ya zambarau na mashina yaliyovimba kama mapovu, usililete kabisa hata kama jirani anakupa bure. Asili yake ni Amerika Kusini, na Ziwa Victoria limepambana nalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mbegu zake hukaa kwenye tope miaka mingi na kuota upya baada ya wewe kudhani umemaliza. Tena majani yake mapana hupumua maji kwenda hewani kwa kasi kuliko uso wa maji ulio wazi. Katika mji ambao maji yananunuliwa kwa ndoo, huo ni mmea wa hasara. Salvinia, yenye vijani vya mviringo vyenye vinyweleo vinavyokataa maji, nayo ikatae kwa sababu hizohizo za kuenea.

Yungiyungi ni habari nyingine. Mizizi yake iko kwenye udongo na majani tu ndiyo yanayoelea, kwa hiyo hudhibitiwa kwa ukubwa wa ndoo ulimoipanda.

Kwa nyumba yenye samaki na kuku, chaguo bora ni fremu moja ya azola, na fremu ya pili ya lemna maji yanapokuwa mazito. Maelezo yanayofuata yanaanzia hapo.

Kutengeneza fremu

Nunua bomba moja la PVC la inchi 2 lenye urefu wa mita 6, elbo nne za nyuzi 90, gundi ya PVC, kipande cha msasa, neti ya dirisha mita 6 yenye upana wa sentimita 50 (au vipande vinavyofikia hapo), vile vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya kama 40, na kamba ya nailoni mita 8. Kata bomba vipande vinne vya mita moja na nusu. Hakuna kinachobaki, na unapata mraba wenye mita za mraba 2.25, karibu moja ya tano ya bwawa letu. Fremu mbili zinafika asilimia 37, zaidi kidogo ya theluthi, kwa hiyo ya pili usiijaze yote na isikae mwaka mzima.

Sugua ncha za mabomba na ndani ya elbo kwa msasa, futa vumbi, paka gundi pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha robo mzunguko, shikilia nusu dakika. Laza fremu mahali palipo sawa ili isipinde. Kesho yake izamishe kona moja baada ya nyingine ndani ya maji kwa dakika mbili mbili ukitazama kama kuna mapovu. Usiruke hatua hii. Fremu inayovuja haizami siku ya kwanza. Maji huingia tone kwa tone, na baada ya wiki kadhaa kona moja inalala. Azola humwagika kupitia hapo usiku mmoja, na asubuhi unashangaa imetokea wapi.

Sasa sketi. Kunja ukingo wa juu wa neti uzunguke bomba, fungia kwa vifungo kila baada ya sentimita 15, mikia ya vifungo ielekee nje ili isikuchane mkono wakati wa kuvuna. Ukingo wa chini ukunje upana wa vidole viwili, ushone mfuko mwembamba na kutia kokoto ndogo humo, neti ining'inie wima kama sentimita 25 hadi 30 ndani ya maji. Sketi ina kazi mbili: perege wasipite kwa urahisi chini ya bomba kula mbegu yako yote (mimea ya kuanzia) siku ya kwanza, na vijani visiponyoke mawimbi yanapopiga. Kwa lemna, pembe nne za sketi zishonwe kabisa kwa uzi wa nailoni. Kama perege ni wengi na wamezoea kula, ziba na chini pia, neti iwe kama kikapu.

Onyo kubwa hapa ni neti yenyewe. Usitumie chandarua cha kitandani, hata kikiwa kikuukuu. Vyandarua vingi vimetiwa dawa za jamii ya paireto, na dawa hizo kwa samaki ni sumu kali hata baada ya chandarua kufuliwa mara nyingi. Neti ya dirisha ya plastiki isiyo na dawa, au neti ya kivuli yenye matundu madogo, ndiyo salama.

Funga kamba mbili kwenye kona zinazotazamana, kila moja iende kwenye kigingi chake ukingoni. Ziachie ulegevu wa sentimita 30, maana maji yatashuka na fremu lazima ishuke nayo. Kamba ikikaza, kona moja inainuka juu na mimea inatoka.

Kuingiza mbegu

Mimea uliyopewa au kununua, itokayo kwenye bwawa la mtu mwingine, usiitie moja kwa moja. Isuuze kwenye maji ya ndoo tatu, ndoo baada ya ndoo, kisha iweke kwenye beseni pana peke yake siku 14. Katika siku hizo geuza majani na kutazama chini yake: ukiona vidonge vya ute vinavyong'aa, hayo ni mayai ya konokono, yakwangue au tupa jani zima. Maji ya kusuuzia mwaga kwenye udongo mkavu, si kwenye mtaro.

Maji ya bomba yana klorini. Ukijaza beseni la mbegu, yaache wazi siku moja hadi mbili kabla ya kutia mmea. Kwa kuongezea ndoo nne tano kwenye bwawa lenye lita 12,000 hakuna madhara, mimina tu. Kinachosumbua zaidi maeneo mengi ya Dodoma ni chumvi ya visima. Onja: maji ambayo ulimi unaikamata chumvi yake yatadumaza azola, na ncha za pistia zitakauka na kuwa kahawia. Kama hayo ndiyo maji pekee uliyonayo, vuna ya mapaa msimu wa mvua kwa ajili ya beseni la mbegu, na bwawani uanze na lemna, inayovumilia zaidi.

Kwa fremu moja weka azola gramu 500 iliyochujwa maji. Itawanye kwa vidole, uso wa kijani juu na mizizi chini. Itaonekana chache mno, nawe utatamani kuongeza. Acha. Kwa siku 10 hadi 14 itakuwa imejaza.

Weka pia akiba nje ya bwawa, kwa sababu siku moja samaki watatoboa sketi au fremu itapasuka. Chimba kishimo kifupi cha mita 1 kwa 2, tandika turubai, tia kilo 10 za udongo uliochekechwa, kilo 2 za samadi mbichi ya ng'ombe iliyokorogwa kwenye ndoo ya maji, kijiko cha chai kimoja hadi viwili vya TSP, mbolea ya dukani yenye fosforasi, kisha maji yafike kina cha sentimita 10 hadi 12. Mbegu gramu 400. Juu tandaza neti ya kivuli nusu ya kishimo. Kila siku kumi toa robo ya maji na utie mapya, na kila wiki ongeza kijiko kimoja cha TSP na samadi kilo moja. Maji haya ya kutoa ni mbolea nzuri ya mchicha.

Kuvuna

Fremu ikijaa, ratiba inaanza na haisimami. Wakati wa joto, mita moja ya mraba ya azola yenye afya inakupa karibu gramu 200 kwa siku, kwa hiyo fremu yetu ni gramu 450 kila siku au gramu 900 kila baada ya siku moja. Pima baada ya kuiacha ichuruzike maji dakika tano kwenye chekeche, vinginevyo unapima maji.

Lakini mzani ni wa kuanzia tu. Baadaye jicho linatosha. Weka kiganja juu ya zulia na ulisukume kidogo kwenda pembeni. Likisogea lote na kuacha upenyo wa maji, bado kuna nafasi. Likijikunja mikunjo kama shuka, vijani vimepandana, vya chini havioni jua na kesho vitaanza kuoza. Umechelewa, vuna sasa hivi. Baada ya kila mavuno yaonekane maji ya ukubwa wa ungo mmoja au mawili katikati ya fremu, na usiwahi kutoa zaidi ya nusu kwa mara moja.

Vuna kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Jua limeshaanza kurudisha oksijeni, na ukitibua maji kidogo samaki wanavumilia. Jioni usiguse bwawa, kwa sababu unachotibua kitatumia oksijeni usiku kucha. Tumia chekeche la plastiki lililofungwa kwenye mpini wa mita moja, chota kwa kulaza, usikwangue chini.

Upepo, kiangazi, mvua

Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa Dodoma haupumziki. Unasukuma kila kinachoelea kwenda ukuta mmoja, zulia linajilundika tabaka tatu au nne, la chini linaoza huku la juu likikudanganya kwa ukijani. Fremu iweke upande upepo unakotoka, karibu na ukuta, hapo mawimbi ni madogo. Uzio wa mabua au neti ya kivuli yenye kimo cha mita moja na nusu upande huo unasaidia mimea na unapunguza ukavu wa maji. Vumbi jekundu likitanda kwenye majani, nyunyizia maji kwa kopo lenye matundu. Mwagilia kwa upole, mimea isipinduke.

Juni na Julai usiku ni baridi, joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Azola inakua taratibu na kuona haya, yaani inageuka nyekundu. Punguza mavuno yawe nusu. Usiongeze mbolea kuilazimisha.

Kuanzia Septemba mpaka mvua zije, kazi kubwa ni maji yenyewe. Siku ya jua kali na upepo, bwawa linaweza kupoteza kina cha milimita 7. Kwenye mita 12 za mraba hizo ni lita 84, ndoo nne na kitu, kila siku. Maji yanapokwenda hewani chumvi inabaki, nawe unaongeza maji yenye chumvi nyingine. Baada ya miezi mitatu bwawa limekuwa chungu kuliko kisima. Kwa hiyo usiishie kuongezea. Mara moja kwa mwezi toa lita 1,200, moja ya kumi, umwagilie mboga au mizabibu, kisha ujaze maji mapya polepole. Maji hayo hayapotei, ungemwagilia hata hivyo.

Oktoba na Novemba jua la mchana linaichoma azola. Hapo tandaza neti ya kivuli juu ya nusu ya fremu, kimo cha mita moja, kuanzia saa tano hadi saa kumi jioni.

Mvua za kwanza huja na samadi ya zizi la jirani na uchafu wa njia. Kabla ya Desemba inua tuta la sentimita 30 kuzunguka bwawa, maji ya barabarani yasiingie. Rutuba ya ghafla hufanya lemna ifunike bwawa ndani ya wiki moja.

Na bomba la kumwagia maji ya ziada lisiwe tundu la wazi juu. Ndani ya bwawa liwekee elbo inayotazama chini, mdomo wake uwe sentimita 25 chini ya uso wa maji. Maji yatatoka, kinachoelea kitabaki. Juu ya elbo hiyo toboa tundu dogo la kupumulia, la unene wa msumari. Bila tundu hilo, bomba likishajaa litafyonza lenyewe na kukausha bwawa mpaka kwenye mdomo wake.

Mmea ukibadilika

Chukua kijani kimoja cha azola, kiweke kwenye kiganja chenye maji kidogo, utazame chini. Mizizi mifupi, kama sentimita 2 au 3, na jani la kijani kibichi: mmea umeshiba. Mizizi mirefu inayopita sentimita 5 na jani dogo jekundu: unatafuta fosforasi. Jekundu lakini mizizi mifupi ni jua au baridi, hauhitaji mbolea. Tofauti hii ndogo inaokoa fedha, maana wengi wakiona wekundu hukimbilia kununua mbolea. Azola yenye njaa usiitie TSP bwawani, mbolea yote italiwa na mwani. Ihamishie kwenye kishimo cha akiba siku saba, ikirudi rangi uirudishe.

Mabaka meusi yenye utelezi na harufu ni msongamano. Toa sehemu hiyo yote pamoja na kiganja kimoja cha yenye afya kuizunguka. Vijani vilivyoshonwa pamoja kwa nyuzi kama utando wa buibui vina viwavi ndani. Vitupe kwa samaki nje ya fremu, watamaliza viwavi na azola. Dawa ya wadudu isikaribie bwawa hata tone.

Lemna ikipauka na kuwa njano huku maji yakionekana safi sana, imemaliza amonia. Imefanya kazi yake, itoe nusu.

Ukikuta bwawa limeshafunikwa

Tazama samaki kwanza. Kama wako juu wanahema, fungua nusu ya uso wa maji sasa hivi, sitisha chakula, na mimina maji mapya kwa ndoo kutoka kimo cha kichwa ili yaingie na hewa, au washa pampu irushe maji juu. Endelea mpaka washuke chini.

Kama samaki wametulia, usifyeke kila kitu siku moja. Maji yaliyokaa gizani yamejaa chakula ambacho mwani haukupata mwanga wa kukitumia. Ukifungua ghafla, mwani unalipuka, maji yanakuwa kama rangi ya ukutani, kisha mwani huo unakufa kwa pamoja na kumaliza oksijeni. Toa moja ya tano kila siku kwa siku nne, ukianzia upande upepo unakotoka. Cha mwisho kikusanye ndani ya fremu.

Dawa ya magugu usiitumie kabisa. Mmea uliokufa haupotei, unazama, unaoza, na kuoza ndiko kunakoua samaki.

Mavuno yaende wapi

Azola ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Gramu 450 za fremu yetu zikikauka hubaki kama gramu 27. Perege 36 wenye gramu 150 kila mmoja wanahitaji chakula kikavu karibu gramu 160 kwa siku, kwa hiyo azola inabeba moja ya sita. Sehemu iliyobaki ni pumba, mashudu ya alizeti na dagaa kama kawaida. Anayekuambia azola peke yake inafuga samaki hajapiga hesabu hii. Wape mbichi asubuhi, kiasi watakachomaliza ndani ya saa moja, kilichobaki ukitoe.

Kuku wape baada ya kuisuuza mara mbili, ukianza na kiganja kwa kuku watano kilichochanganywa kwenye pumba, ukipandisha mpaka moja ya kumi ya chakula chao. Wengine huikataa siku tatu za kwanza, wavumilie.

Pistia na ziada nyingine zianike juani siku mbili, kisha zipange tabaka kwa tabaka na mabua ya mtama au uwele yaliyokatwakatwa, kiasi sawa kwa ujazo, zigeuzwe kila wiki. Zikiwekwa mbichi bila mabua zinakuwa ute unaonuka. Au zitandaze moja kwa moja chini ya mizabibu, mbali kidogo na shina.

Kitu kimoja tu hakina mjadala: hata kijani kimoja kisiende kwenye mtaro, korongo au bwawa la nje. Maji ya mvua kutoka sehemu kubwa ya jiji hufika Bwawa la Hombolo, na kutoka Hombolo yanafuata mto Kinyasungwe mpaka Mto Wami. Beseni lililomwagwa mtaroni Januari linaweza kuwa tatizo la wavuvi na wakulima wasiokujua.

Watoto, mbu na konokono

Bwawa lenye zulia la kijani halionekani kama maji. Kwa mtoto wa miaka miwili ni nyasi, naye atakanyaga. Uzio wa kimo cha mita 1.2 wenye mlango unaojifunga uwekwe kabla ya mmea wa kwanza kuingia. Kama uzio bado, mmea usubiri.

Mbu huzaliana pale samaki wasipofika, hasa ndani ya sketi iliyozibwa chini. Mara moja kwa wiki chota maji ya ndani ya fremu kwa bakuli jeupe. Ukiona viluwiluwi, fungua kona moja ya sketi usiku mmoja, vifaranga vya perege waingie. Wataila azola kidogo, lakini asubuhi bakuli litakuwa safi.

Konokono waliojificha kwenye mizizi wanaweza kubeba kichocho, kwa hiyo vaa gamubuti na glavu ndefu za mpira unapovuna, na ukilowa jifute mara moja kwa kitambaa kikavu kabla maji hayajakaukia mwilini. Kila unapochota, kung'uta mizizi juu ya beseni. Konokono wanaodondoka waponde uwape bata.